Kasi Iliyobanwa: Historia ya Kampuni za Simu za Marekani na Ahadi ya Data Isiyo na Kikomo

Simu ya iPhone ilipoingia sokoni nchini Marekani tarehe 29 Juni 2007, ni kampuni moja tu, AT&T, iliyokuwa na idhini ya kuiunganisha na mtandao wake; na kwa kuwa chombo chenyewe kilikuwa kigeni machoni pa watu, wala haikuwa rahisi kukadiria mtu mmoja angekitumia kiasi gani kwa mwezi, kampuni ikaona kwamba njia nyepesi ya kuwavuta wateja ni kuwatoza ada moja ya mwezi, dola 20 hapo mwanzo na dola 30 ilipotoka iPhone 3G mwaka uliofuata, na kuwaahidi kuwa kwa ada hiyo watapata data pasipo kikomo.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea kununua bando la siku au la wiki na kuhamia laini nyingine pindi ile ya kwanza inapomchosha, yampasa akumbuke kwamba Mmarekani wa zama hizo hakuwa na uhuru huo. Yeye alitia sahihi mkataba, aghalabu wa miaka 2, na akiuvunja kabla ya muda kutimia alidaiwa mamia ya dola. Jambo hili ndilo linaloutia uzito mzozo wote nitakaousimulia, maana aliyefungwa kwa mkataba hana pa kukimbilia mwenzake anapobadili masharti katikati ya safari.

Ahadi ile ilianza kuielemea kampuni mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mwezi Machi 2009, umati wa watu wenye iPhone ulipokusanyika Austin, Texas, kwa tamasha la SXSW, mtandao wa AT&T ulilemewa hata kampuni ikalazimika kuongeza vyombo vyake mjini humo kwa haraka; na huko New York na San Francisco malalamiko ya simu kukatika yakawa mazungumzo ya kila siku. Sababu yake si fumbo. Kila mnara hupeleka mawimbi yake katika masafa maalumu ambayo serikali imeyagawa kwa kampuni mbalimbali, na masafa hayo hayaongezeki kwa kuwa wateja wameongezeka. Wote walio chini ya mnara mmoja kwa saa moja hugawana kile kilichopo, hata akiwa mmoja anasoma barua na mwingine anatazama filamu. Mnamo Desemba 2009 Ralph de la Vega, aliyekuwa mkuu wa shughuli za simu za mkononi wa AT&T, alieleza hadharani kwamba asilimia 3 tu ya wenye simu janja walikuwa wakitumia asilimia 40 ya data yote ya simu hizo. Tatizo lilikuwapo kweli, wala si haki kumnyima mfanyabiashara hoja yake ilipo ya haki.

Dawa ya kwanza iliyotumika ilikuwa ya wazi, nami naiona kuwa ya uungwana. Kuanzia tarehe 7 Juni 2010 AT&T iliacha kuuza data isiyo na kikomo kwa wateja wapya wa simu janja, ikaweka vifurushi viwili, cha MB 200 kwa dola 15 na cha GB 2 kwa dola 25, huku ikieleza kuwa asilimia 98 ya wateja wake hawafikishi hata hizo GB 2. Ama wale waliokuwa wamekwisha nunua ahadi ya zamani, waliachwa waendelee nayo. Hapana shaka ihsani hiyo ilikuwa na hesabu ndani yake: ilikuwa ikitarajiwa kwamba Verizon, mshindani mkubwa, nayo ingeruhusiwa kuuza iPhone, na ikaruhusiwa kweli Februari 2011, hivyo kuwanyang'anya wateja wa kale kile walichokipenda kungekuwa kuwafungulia mlango watoke. Siku zile zile Verizon nayo ilitangaza kuwa inaweza kupunguza kasi ya asilimia 5 ya wateja wake watumiaji wakubwa.

Hapo ndipo ilipozaliwa dawa ya pili, ile iliyozaa mashauri. Tarehe 29 Julai 2011 AT&T ilitangaza kwamba, kuanzia tarehe 1 Oktoba, mteja wa zamani mwenye data isiyo na kikomo ambaye matumizi yake ya mwezi yatamtia katika asilimia 5 ya watumiaji wakubwa, huenda akapunguziwa kasi mpaka mwezi wa malipo uishe. Hebu tulitazame sharti hili kwa makini. Mtu anaweza kujihadhari na mpaka anaoujua, lakini atajihadhari vipi na mpaka unaotegemea jinsi wenzake, mamilioni ya watu asiowajua, walivyotumia mwezi huo? Wengi waligundua kwamba wamebanwa walipofika karibu na GB 2. Na mnamo Januari 2012 kampuni hiyo hiyo ikaanza kuuza kifurushi kipya cha GB 3 kwa dola 30, ada ile ile aliyokuwa akilipa mteja wa kale, ikawa aliyenunua kilicho na mpaka anafaidi GB 3 kwa kasi kamili, ilhali aliyeahidiwa kisicho na mpaka anabanwa kabla hajafika hapo. Kelele zikazidi, na tarehe 1 Machi 2012 kampuni ikataja mipaka bayana: GB 3 kwa simu za kawaida za wakati huo, na GB 5 kwa simu za LTE, yaani zile za mtandao mpya wenye kasi zaidi.

Lakini kilichoniondolea mimi shaka zote ni jambo jingine. Mteja wa kifurushi chenye mpaka, kama kile cha GB 3, akikimaliza, alitozwa dola 10 kwa kila GB ya ziada, na hakubanwa. Angeweza kutumia GB 10 au 20 kwa kasi ile ile, maadamu analipa. Kama nia ilikuwa kuupunguzia mnara mzigo, mzigo wa mtu huyu una tofauti gani na wa jirani yake? Fauka ya hayo, yule wa data isiyo na kikomo alibanwa mchana na usiku, mjini penye msongamano na shamba pasipo na mtu, bila kutazamwa kama mnara aliopo umeelemewa au umelala. Hatua ya namna hiyo humsukuma mtu aiache ahadi yake kwa hiari na kununua kifurushi kinacholeta fedha zaidi, wala haiponyi msongamano wa mahali palipo patupu.

Kubanwa kwenyewe kulikuwa hivi. Kasi ilishushwa hadi kilobiti 256 kwa sekunde, na kwa simu ya LTE kilobiti 512, katika mtandao ambao kwa kawaida ulipitisha megabiti kadhaa. Barua pepe ilifika, na maandishi matupu yalisomeka. Lakini ramani ilifunguka kipande kwa kipande hata dereva akapita njia panda kabla hajaiona, video ilisimama kila baada ya muda mfupi, na mazungumzo ya kuonana uso kwa uso hayakuwezekana kabisa. Mtu alikuwa na simu ya bei kubwa mkononi, na bili yake mwisho wa mwezi haikupungua hata senti.

Kwenda mahakamani halikuwa jambo jepesi. Mikataba ya AT&T ilimfunga mteja apeleke lalamiko lake kwa msuluhishi, peke yake, bila kujiunga na wengine, na mnamo Aprili 2011, katika shauri la AT&T Mobility dhidi ya Concepcion, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba sharti la namna hiyo ni halali. Mlango mdogo uliosalia ulikuwa mahakama ya madai madogo. Februari 2012 mteja mmoja wa Simi Valley, California, aliingia mlango huo akiwa na ushahidi wake na bila wakili, akamweleza hakimu kwamba ameuziwa data isiyo na kikomo kisha akabanwa. Hakimu akamkubalia na kuamuru alipwe dola 850, yaani dola 85 kwa kila mwezi katika miezi 10 iliyobakia katika mkataba wake.

Serikali ilisimama miaka miwili baadaye. Tarehe 28 Oktoba 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki AT&T huko California kwa hadaa, ikidai kuwa wateja wasiopungua milioni 3.5 wamebanwa zaidi ya mara milioni 25, na kwamba wengine kasi yao ilishushwa kwa asilimia 80 hadi 90. Kampuni ilijibu kuwa iliwatangazia wateja katika vyombo vya habari, katika bili na kwa ujumbe mfupi. Kisha ikaleta hoja ya kisheria: kwamba sheria iliyoiunda tume hiyo, ya mwaka 1914, haikuipa mamlaka juu ya wachukuzi wa umma, kama vile kampuni za reli na za simu, nayo ni mmoja wao. Jaji wa kwanza aliikataa hoja hiyo Machi 2015. Majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa wakaikubali Agosti 2016. Na mahakama hiyo hiyo, ikiketi kwa jopo kubwa zaidi, ikaukata mzizi wa fitina Februari 2018 kwa kusema kwamba kampuni huepukana na tume katika zile kazi za uchukuzi wa umma tu, si katika kila jambo ilifanyalo. Hivyo zaidi ya miaka mitatu ilipita watu wakibishana ni nani mwenye haki ya kuuliza, ilhali swali lenyewe halijajibiwa.

Katika muda huo Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho nayo ilipendekeza AT&T itozwe dola milioni 100, mnamo Juni 2015; kampuni ya simu ya TracFone ilikwisha kubali kulipa dola milioni 40 mwezi Januari mwaka huo kwa kosa la jamii hiyo; na T-Mobile ikafikia mapatano ya dola milioni 48 mwaka 2016. Septemba 2015 AT&T ilipandisha mpaka wake hadi GB 22, tena ikasema itapunguza kasi pale tu penye msongamano, jambo linaloonyesha kwamba njia ya insafu ilikuwapo.

Mwaka 2018 jambo hili liliacha kuwa la filamu na ramani. Mwezi Julai, moto wa Mendocino Complex, uliokuwa mkubwa kuliko yote iliyokuwa imewahi kuandikwa California kufikia siku hizo, ulipokuwa ukiteketeza misitu, Idara ya Zimamoto ya Kaunti ya Santa Clara ilipeleka gari liitwalo OES 5262, ambalo kazi yake ni kupokea habari na kuratibu magari na watu walio mstari wa mbele. Gari hilo lilitegemea laini ya data ya Verizon, nayo, ijapokuwa ilinunuliwa kwa jina la data isiyo na kikomo, ilikuwa imevuka kiwango chake, na kasi ikashushwa hadi sehemu 1 ya 200 ya ile ya kawaida au chini yake. Mkuu wa zimamoto, Anthony Bowden, alieleza kwa kiapo kwamba watu wake walilazimika kutumia simu zao wenyewe, na kwamba kampuni, ilipoombwa iondoe kizuizi, iliwataka kwanza wahamie mpango wa bei ya juu. Verizon ilikiri kuwa huduma yake kwa mteja ilikosea, kwa sababu desturi yake ni kuondoa vizuizi wakati wa dharura. Mwaka 2020 California ilitunga sheria ya kukataza kubana kasi ya waokoaji katika hali ya hatari. Mimi naona ni aibu kwamba jambo hilo lilihitaji sheria.

Shauri la AT&T na Tume ya Biashara lilimalizika kwa mapatano tarehe 5 Novemba 2019. Kampuni ilikubali kutoa dola milioni 60 za fidia, na ikakatazwa kutangaza kasi au wingi wa data, au kuiita data haina kikomo, bila kuweka vizuizi vyake mahali pa wazi, si katika maandishi madogo. Dola milioni 52 zilirudishwa mwaka 2020 kwa hundi na kwa kupunguziwa bili; na mwaka 2023, kwa wale waliohama na wasipatikane, tume ilifungua dirisha la madai kwa dola milioni 7 zilizosalia. Ukizigawanya dola milioni 60 sawasawa kwa watu milioni 3.5, kila mmoja hupata kama dola 17, miaka 8 baada ya kubanwa, naye alikuwa akilipa dola 30 kila mwezi.