Pikapu kuukuu inayokataa kuwaka leo na kukubali kesho

HAKUNA kasoro ya gari inayommalizia mtu pesa kama ile inayotokea na kutoweka. Pikapu iliyobeba sukumawiki kutoka Wangige huwaka bila taabu alfajiri, ikafika soko la Wakulima katikati ya jiji la Nairobi, kisha mzigo ukishashushwa ikakataa katakata. Dereva huwalipa vijana waisukume. Alasiri inapofikishwa kwa fundi Kawangware, huwaka mara moja kana kwamba haijawahi kuugua.

Hapo ndipo hasara huanza. Kwa kuwa hakuna cha kuonekana, fundi hukisia. Betri hubadilishwa, wiki inayofuata stata, kisha altaneta, na gari likabaki na tabia yake ileile. Ugonjwa huu hupimwa gari likiwa limekataa, si likiwa zima.

Jambo la kwanza ambalo dereva anapaswa kulichunguza ni iwapo injini inazunguka ufunguo unapogeuzwa. Gari lililonyamaza kimya au kutoa mlio mmoja tu wa "tak" lina shida ya umeme wa stata. Lile ambalo injini yake inazunguka vizuri lakini haishiki moto lina shida ya mafuta au ya cheche, na kulinunulia betri ni kutupa pesa. Dereva aandike pia kama injini ilikuwa moto au baridi, kama kulinyesha, na kama taa za dashibodi zilififia.

Tuanze na gari lililonyamaza. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, ikishuka hadi 12.2 imebaki nusu. Mtu mmoja ageuze ufunguo huku mwingine akisoma mita. Ikiporomoka chini ya takriban volti 9.6, ama betri ni dhaifu au stata inavuta umeme kupita kiasi. Ikiwa betri imesimama imara, ncha moja ya mita iwekwe kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha ufunguo ugeuzwe tena. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya wa hasi au viungo vyake. Waya huu hupuuzwa mno. Kwa nje huonekana mzima, ilhali ndani ya ganda shaba imegeuka kijani kwa kutu.

Kwenye pikapu nyingi za zamani za Toyota Hilux, mlio wa "tak" taa zikiwa bado zinang'aa aghalabu hutokana na vipande viwili vya shaba vilivyomo ndani ya solenoidi ya stata. Huliwa kidogo kidogo, mara vigusane, mara visigusane. Ndiyo sababu dereva hugeuza ufunguo mara tisa bure na ya kumi injini ikanguruma. Vipande hivyo hubadilishwa peke yake kwa gharama ndogo kuliko stata nzima. Anayekwenda kununua stata ya mtumba Kirinyaga Road (ambako wengi wangali wanakuita Grogan, miongo kadhaa baada ya jina la mlowezi Ewart Grogan kuondolewa) huenda akarudi nyumbani na stata yenye ugonjwa uleule.

Tahadhari: wapo wanaounganisha nyaya za stata kwa bisibisi ili kuijaribu. Gari lililo kwenye gia litaruka na kumkanyaga aliye mbele yake.

Injini inayozunguka bila kushika moto ina mkondo mwingine. Katika pikapu ya dizeli, vali ya umeme iliyo kwenye pampu ya injekta inapaswa kulia "tik" ufunguo unapowashwa. Isipolia, dizeli haipiti. Gari likikataa asubuhi tu baada ya kulala kwenye mteremko wa Kangemi likitazama juu, shuku mpira wa mafuta uliopasuka: dizeli hurudi kwenye tangi na hewa ikaingia. Usiku unaofuata liegeshwe likitazama chini. Likiwaka, tafuta ufa kwenye mipira na chujio. Baridi ya Julai nayo hufichua plagi za kupasha injini zilizokufa, hasa jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa gari la petroli, linalokataa likiwa moto na kukubali baada ya nusu saa lipimwe koili. Linalochagua siku za mvua, kifuniko cha distribyuta.

Iwapo kasoro inaendelea kujificha, iko mbinu ya bei nafuu. Fundi aunganishe waya mwembamba, wenye fyuzi, kutoka mahali stata inapopokea umeme wa swichi hadi kwenye balbu ndogo iliyo mbele ya dereva, upande wa pili wa balbu ukifungwa kwenye bodi. Siku gari litakaponyamaza, dereva ageuze ufunguo na kuitazama. Ikiwaka, swichi imefanya kazi yake na lawama ni ya stata, betri au nyaya nene. Isipowaka, stata isifunguliwe. Kagueni swichi ya ufunguo na waya wake. Habari hiyo dereva anaweza kumpigia fundi simu akiwa bado sokoni, kabla hajawaita vijana wa kusukuma.