Zabibu za Dodoma: Nani Alichagua Aina?

Septemba ni mwezi wa vumbi Dodoma. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, mibuyu imebaki matawi matupu, na wafugaji wameswaga ng'ombe mbali kutafuta malisho. Lakini mwezi huohuo, huko Mpunguzi, Matumbulu, Hombolo na Chinangali, watu wako shambani wanakata vichala vya zabibu na kuvipanga kwenye makreti. Tena haya ni mavuno ya pili. Mengine yalishatoka Februari na Machi.

Ufaransa na Italia, mzabibu huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma, kama ilivyo katika bonde la mto São Francisco kule Brazil, huzaa mara mbili. Msafiri anayenunua zabibu pembeni mwa barabara anaweza kudhani kwamba ardhi ya Ugogo imejaliwa tu. Ukweli ni kwamba mzabibu ni mgeni katika nyanda hizi, na kila aina inayoonekana shambani leo imechaguliwa na mtu kwa sababu yake. Wamisionari walichagua kwa ajili ya altare, serikali kwa ajili ya viwanda, watafiti kwa ajili ya hali ya hewa. Uchaguzi huo una uzito kwa sababu mzabibu haufanani na mtama, ambao mkulima anaweza kubadili mbegu msimu ujao. Ukishapandwa na kutunzwa vizuri, hukaa shambani miaka ishirini na zaidi. Anayepanda leo anaamua pia watoto wake watauza nini.

Nchi aliyofikia mgeni huyu haikuwa rahisi. Wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke walivuka Ugogo mwaka 1857 kwa njia ileile ya misafara ya pembe za ndovu, na kama wapagazi wote wa zama hizo walihofia kipande cha Marenga Mkali, ambako maji ni haba na machungu. Mvua ya Dodoma kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Wagogo, wenyeji wa nchi hii, walijenga maisha yao juu ya uwele, mtama na mifugo, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyoweza kuvumilia. Hata hivyo njaa iliwapata. Ile kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyokuja wakati majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, inakumbukwa hadi leo kwa jina la Mtunya.

Katika nchi hiyo Wajerumani walianzisha mji wa Dodoma mwaka 1907, reli ya kati ikielekea Kigoma. Mwaka 1935 Kanisa Katoliki liliifanya Dodoma kuwa eneo la kitume na kulikabidhi kwa mapadre Wapasionisti kutoka Italia. Walikuja na hitaji moja lisilo na mbadala. Sheria ya Kanisa inataka divai ya Misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na iwe haijaharibika. Divai ya kuagizwa ilipaswa kusafiri kwa meli hadi pwani, kisha kwa treni hadi bara, katika joto. Bihawana, misheni iliyo nje kidogo ya mji, ndiko wamisionari walikopanda mizabibu kabla ya Uhuru. Ndiko kilimo cha zabibu cha Dodoma kilikoanzia.

Mizabibu ilikubali, na sababu zinaeleweka. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku hupoa hata baada ya mchana wa jua kali. Tofauti hiyo ya joto husaidia tunda kujaza sukari bila kupoteza ukali wake wote. Hewa kavu ya kiangazi hupunguza ukungu, adui mkubwa wa mzabibu. Na udongo wa kichanga, uliopo sehemu nyingi, hupitisha maji upesi, jambo linalopendwa na mizizi isiyotaka kukaa majini.

Kikwazo kilikuwa usingizi. Mzabibu ni mmea wa nchi zenye majira ya baridi. Kwao hupukutisha majani, hulala miezi kadhaa, kisha huamka kwa pamoja na kuchanua. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Ukiachwa wenyewe huendelea kukua ovyo. Tawi moja linachipua, jingine linazeeka, na matunda yanatoka machache, kila kichala kwa wakati wake.

Tatizo hili linajulikana kwa kila anayehamisha mti wa nchi ya baridi. Mepo wa Japani, ambao mtaalamu wa mimea Carl Peter Thunberg aliuandika katika kitabu chake cha mimea ya Japani mwaka 1784, una aina nyingi zilizopewa majina na kuchaguliwa kwa karne kadhaa. Wakuzaji wa bonsai, miti inayotunzwa ikiwa midogo ndani ya chungu, huchagua Kiyohime kwa majani yake madogo, Deshojo kwa wekundu wa majani machanga, na Arakawa kwa gome lake linalokwaruza. Lakini kabla ya rangi na jani kuna swali la kwanza: je, mti utapata baridi ya kuulaza? Bila hiyo, mepo hudhoofika mwaka hadi mwaka, hata mikononi mwa fundi. Ndiyo maana wakuzaji wa bonsai wa nchi za joto huchagua zaidi mitini na mikwaju.

Kwa mzabibu, jibu lilipatikana kwenye mkasi. Mkulima wa Dodoma hupogoa shamba zima kwa siku chache, akikata matawi yaliyokomaa na kuacha macho machache tu kwenye kila tawi. Kupogoa huko ndiko kunakochukua nafasi ya baridi. Macho yaliyobaki huchipua kwa pamoja, maua hutoka kwa pamoja, na baada ya takribani miezi minne shamba linaiva kwa mara moja. Anayepogoa baada ya mvua huvuna Agosti na Septemba. Anayerudia kabla ya mvua mpya huvuna Februari na Machi. Wakulima wa Maharashtra, India, nao hupogoa mara mbili kwa mwaka, lakini wao huchukua zao moja na kuuacha mzunguko wa pili ujenge matawi. Dodoma huchukua yote mawili, na malipo yake ni mbolea na dawa zaidi, kwa kuwa zao la masika huiva wakati ukungu umepamba moto.

Baada ya Uhuru zabibu zilitoka mikononi mwa Kanisa na kuwa suala la nchi. Gereza la Isanga mjini Dodoma lililima kwa kazi ya wafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Operesheni Dodoma iliwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, na mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mkoa uliozoeleka kwa habari za njaa ulihitaji zao la biashara linalovumilia ukame, na zabibu lilikuwa jibu lililokwisha kujaribiwa. Kiwanda cha umma, Dodoma Wine Company, ambacho watu walikiita DOWICO, kilinunua zao hilo na kulipeleka jina la Dodoma kwenye chupa za mvinyo nchini kote.

Hapo ndipo suala la aina lilipokuwa kazi ya kitaalamu. Serikali ilianzisha kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora, kaskazini mwa mji, katika bonde lilelile ambalo visima vyake huunywesha mji wa Dodoma. Leo kituo hicho ni sehemu ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Kazi yake imekuwa kupanda aina za kigeni bega kwa bega na kuangalia ipi inazaa, ipi inashikwa na ukungu, ipi inafika kiwango cha sukari kinachotakiwa, kisha kuwapa wakulima miche.

Aina iliyoenea kuliko zote imebeba jina la mahali hapo: Makutupora nyekundu. Huzaa kwa wingi, inafaa mvinyo na inaliwa pia, na kwa sababu hiyo mkulima mdogo aliipenda. Nyuma yake inafuata Chenin Blanc, zabibu nyeupe ya bonde la Loire, Ufaransa, ambayo Waafrika Kusini wameilima tangu karne ya 17 kwa jina la Steen. Sifa yake kubwa ni kwamba huhifadhi ukali hata kwenye joto. Zabibu nyeupe isiyo na ukali hutoa mvinyo uliopooza. Syrah, nyekundu ya bonde la Rhône, nayo imechaguliwa kwa kustahimili jua.

Soko huria lilipokuja, DOWICO haikudumu. Baadaye walikuja wanunuzi binafsi: CETAWICO ya Hombolo, iliyoanzishwa na wawekezaji wa Italia mwanzoni mwa miaka ya 2000, Alko Vintages mjini Dodoma, na wasindikaji wengine wadogo kwa wakubwa. Baadhi hawanunui hata tunda. Wananunua mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, ili wautie kwenye vinywaji vyao. Kila mnunuzi ana aina anayoitaka na kipimo chake cha utamu, na kiwanda kikijaza matangi mapema, mkulima aliyebaki na tani zake hana pa kwenda. Zabibu ya mvinyo ni ndogo, ina ngozi nene na mbegu nyingi. Sokoni Dar es Salaam haishindani na zabibu kubwa za Afrika Kusini. Mara kwa mara katika miaka ya karibuni magazeti yameripoti zabibu za Dodoma zikiozea shambani. Wakulima hao hawakukosea namna ya kulima. Walipanda aina ambayo kiwanda, enzi za wazazi wao, kiliwaambia wapande, na mnunuzi akabadilika wakati mzabibu haukuweza kubadilika.

Ndiyo maana mazungumzo ya leo yamehamia kwenye zabibu za mezani: kubwa, ngumu kidogo, zisizobonyea garini, ikiwezekana zisizo na mbegu. Makutupora imefanyia kazi aina kama Black Rose na Queen of Vineyard kwa lengo hilo. Lakini zabibu ya mezani inadai maji ya uhakika, nguzo imara zisizoliwa na mchwa, na chumba cha baridi kabla ya safari, vitu ambavyo mwenye nusu eka hawezi kuvinunua peke yake. Ushirika ndio uliojaribu kuziba pengo hilo. CHABUMA, huko Chinangali II wilayani Chamwino, uliwakusanya wakulima kwenye shamba la pamoja lenye umwagiliaji wa matone. UWAZAMAM umewaunganisha wale wa Mpunguzi na Matumbulu.

Wakati huohuo ardhi yenyewe inagombaniwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179 katika jiji hilohilo, baada ya serikali kuhamia. Ongezeko hilo limeleta walaji mlangoni pa mkulima na kupandisha bei ya kiwanja kuliko bei ya shamba. Mche unaotiwa ardhini msimu huu utaanza kulipa baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, na utakuwa bado unazaa katika miaka ya 2040. Anayeuchagua sasa anastahili kuambiwa mapema, na kwa mkataba ulioandikwa, ni nani atakayenunua zabibu yake na kwa kipimo gani.