Waliouliza na Walioulizwa: Tume ya Polisi wa Victoria, 1881

Usiku wa tarehe 26 Juni 1880, askari polisi wanne walikuwa ndani ya nyumba ndogo karibu na mji wa Beechworth, katika koloni la Uingereza la Victoria, kusini mashariki mwa Australia. Walikuwa wamewekwa pale kumlinda Aaron Sherritt, mtoa habari wa polisi, na kulivizia genge la Ned Kelly. Sherritt aliitwa mlangoni na sauti ya jirani aliyekuwa ametiwa pingu. Alipofungua, alipigwa risasi na Joe Byrne, rafiki yake tangu utotoni. Askari wote wanne walibaki chumbani mpaka asubuhi. Mwaka uliofuata mjane wake, msichana mdogo aliyekuwa mjamzito usiku ule, alieleza mbele ya tume jinsi askari walivyomvuta chini na kujaribu kumsukuma uvunguni mwa kitanda.

Ushahidi huo ulitolewa mbele ya Tume ya Kifalme iliyoteuliwa Machi 1881 kuchunguza Jeshi la Polisi la Victoria, chini ya uenyekiti wa Francis Longmore. Ilikaa vikao 66, ikahoji mashahidi 183, ikatembelea miji ya kaskazini mashariki mwa koloni na kutoa mapendekezo 36. Kwa kawaida waandishi husema kwamba tume hii iliwaumbua polisi. Ni kweli iliwaumbua. Lakini ninavyoona mimi, iliwauliza zaidi kwa nini walichelewa kumkamata Kelly, na kidogo sana juu ya yale waliyowatendea wananchi walipokuwa wakimtafuta.

Kwa wasioijua habari hii, kisa ni kifupi. Aprili 1878 Konstebo Alexander Fitzpatrick alikwenda peke yake nyumbani kwa akina Kelly kumkamata Dan, mdogo wake Ned, kwa tuhuma za wizi wa farasi. Aliporudi alidai kwamba Ned alimpiga risasi mkononi. Mama yao, Ellen Kelly, alifungwa miaka mitatu akiwa na mtoto mchanga. (Fitzpatrick huyo alifukuzwa kazi mwaka 1880, wakati mama bado yumo gerezani.) Oktoba 1878 genge liliwaua polisi watatu katika kijito cha Stringybark: Kennedy, Lonigan na Scanlan. Sheria maalumu ikapitishwa, iliyoruhusu yeyote kuwaua wahalifu hao bila kuwataka kwanza wajisalimishe. Hata hivyo walitembea huru kwa miezi 20, wakaiba benki mbili, na zawadi ya kichwa chao ikafika pauni 8,000. Juni 1880 walizingirwa Glenrowan. Ned, aliyevaa vazi la chuma la mabamba ya plau, alikamatwa akiwa na majeraha na kunyongwa Novemba 11. Wenzake watatu walikufa palepale, pamoja na baadhi ya mateka waliokuwamo hotelini, akiwamo mtoto wa kiume wa mwenye hoteli.

Miezi 20 ni mingi, na serikali ilitaka kujua ilipotelea wapi. Majibu ya mashahidi yanachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Mkuu wa Polisi, Kapteni Standish, hakupatana na msaidizi wake Nicolson, na alimpenda waziwazi Mrakibu Hare. Nicolson aliamini kazi ya polepole ya watoa habari. Hare aliamini kuvizia kwa vikosi, na alikaa siku nyingi na askari wake mapangoni, wakiitazama nyumba ya mama yake Byrne. Kila mmoja alipoondolewa, mwenzake aliyemrithi alilalamika kwamba hakuachiwa habari za kutosha. Mtoa habari mmoja aliandika barua zake kana kwamba anaripoti mifugo wagonjwa, na mwezi mmoja kabla ya Glenrowan alidokeza habari za mavazi ya chuma. Wakubwa hawakuzitilia maanani.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni nyingine. Januari 1879 polisi walikutana Benalla, na wakuu wa vituo wakatakiwa kutaja majina ya watu waliodhani kuwa wanawaunga mkono akina Kelly. Kwa orodha hiyo wanaume wapatao 20, wengi wao wakulima wadogo, walikamatwa wakati wa mavuno na kuwekwa rumande Beechworth. Wiki baada ya wiki Hare alikwenda mahakamani kuomba warudishwe rumande, bila ushahidi wowote. Wengine walikaa karibu miezi mitatu. Hare mwenyewe alikiri kwamba mpango huo haukuleta faida, kwani uliwageuza watu kuwa maadui. Angalia kipimo alichotumia: kukamata watu bila kosa kulikuwa vibaya kwa sababu hakukusaidia msako.

Tume nayo haikwenda mbali zaidi ya hapo. Ilisema kwamba usimamizi wa polisi katika wilaya ile haukuridhisha hata kabla ya ghasia kuanza, lakini haikukubali dai kwamba familia ya Kelly iliandamwa. Wapo watakaosema kwamba hiyo haikuwa kazi yake, maana polisi watatu walikuwa wameuawa na hakuna serikali ambayo ingeanza kwa kuwasikitikia wauaji. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuna jambo ambalo halipaswi kupitwa. Polisi walikuwa pia wakiishauri Wizara ya Ardhi iwanyime viwanja watu waliowahesabu kuwa marafiki wa Kelly. Waziri wa Ardhi kuanzia 1877 hadi mapema 1880 alikuwa nani? Longmore, huyuhuyu mwenyekiti. Sisemi kwamba alificha kitu. Nasema kwamba mtu wa namna hiyo hakuwa na sababu kubwa ya kuliuliza swali hilo kwa ukali.

Kilichofuata kinaonyesha uzito ulimwangukia nani. Standish alikwisha kustaafu, akaambulia maneno makali. Mrakibu Sadleir alipendekezwa ashushwe mwisho wa orodha ya wenye cheo chake. Askari wa nyumba ya Sherritt waliokuwa bado kazini walipendekezwa wafukuzwe. Sisemi walikuwa mashujaa, ila waliwekwa pale na mipango ya wakubwa.

Wapo pia wasoma nyayo sita kutoka Queensland, Waaborijini wa kikosi cha polisi wenyeji, kikosi ambacho huko kwao kilikuwa na historia ya damu dhidi ya Waaborijini wenzao. Kelly aliwaogopa hao kuliko polisi wengine wote. Bodi ya kugawa zawadi iliwapangia waliokuwapo Glenrowan pauni 50 kila mmoja, kisha ikaona si vema kuwapa fedha hizo mkononi, zikaachwa kwa serikali. Hare alipangiwa pauni 800.

Tume ilitaka Hare na Nicolson wastaafishwe kana kwamba wametimiza miaka 55. Waliondoka polisi, na wote wawili wakateuliwa kuwa mahakimu. Hare, aliyekuwa akienda Beechworth kuomba watu warudishwe rumande, sasa alikaa kwenye kiti cha yule aliyekuwa akiombwa.