Kitenzi "Appal" na Rangi ya Hofu

Aghalabu kitenzi cha Kiingereza "appal" hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa kutisha, kuogofya au kushtusha. Visawe hivyo vyatosha kwa habari ya gazeti. Kwa mfasiri na mhakiki wa fasihi havitoshi, kwani vinakinyang'anya kitenzi hicho kiini chake cha kihistoria, yaani rangi ya uso.

Kiingereza kilikipata kitenzi hiki katika karne ya 14 kutoka Kifaransa cha Kale, ambamo "apalir" lilimaanisha kuishiwa rangi. Asili yake ya mbali ni "pallere" la Kilatini, lenye maana hiyo hiyo ya kufifia. Hapo mwanzo hofu haikuwa sharti. Kilichofifia kiliweza kuwa uso, nguvu za mwili, hata kinywaji kilichokaa hadi kikawa chapwa. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alikitumia katika hadithi ya kwanza ya The Canterbury Tales kueleza sifa ya mtu iliyochujuka kwa uzee. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kuustaajabia upana huo: kwake kupooza ni kwa kiungo cha mwili na pia kwa ngoma iliyokosa uchangamfu. Maana ya ladha haikupotea, ila ilihamia katika "pall", umbo lililotokana na kufupishwa kwa "appal".

Kufikia karne ya 16 kitenzi kilikuwa kimeelekezwa kwa mtendwa: kumfanya mtu aishiwe rangi kwa hofu. Ishara ya mwili ikageuka jina la hisia yenyewe.

Shakespeare aliikuta ishara hiyo ingali hai. Katika Macbeth, tanzia ya mwaka 1606 hivi, muuaji anajiuliza kwa nini kila kishindo kinamtia hofu, na kitenzi chake ni hiki. Papo hapo anaitazama damu mikononi mwake. Mkewe anarejea, mikono yake nayo ni myekundu, na kumsuta kwamba yeye angeona haya kuwa na moyo mweupe kama wa mumewe. Tukio zima limefumwa kwa wekundu na weupe. "Appal" ni uzi mmojawapo. Hapa ndipo taabu ya mfasiri inapozidi. Moyo mweupe kwa Waswahili ni moyo safi, usio na kinyongo, ilhali katika Kiingereza cha mwandishi huyo ni moyo wa mwoga uliokaukiwa damu. Tafsiri sisisi ingemgeuza tusi kuwa sifa. S. S. Mushi, aliyeitafsiri tamthilia hii kwa jina la Makbeth mwaka 1968, hakuwa na kazi nyepesi.

Kupauka nako hakufai, maana ngozi iliyopauka humkumbusha msomaji ukosefu wa mafuta kabla ya hofu. Lililo karibu zaidi ni kusawijika. Uso husawijika kwa hofu, maradhi au huzuni, na neno halilazimishi kwamba uso huo uwe mweupe. Linahifadhi badiliko la sura bila kuukopa mwili wa Mzungu.

Hata hivyo, kusawijika hakuokoi kila kitu. William Blake, katika shairi lake "London" la mwaka 1794, anatumia "appal" kwa kilio cha watoto wasafisha dohani kinacholikabili kanisa linalozidi kuwa jeusi. Masizi ya dohani yanalitia kanisa weusi. Kilio cha wanaoyakwangua kinalitia weupe wa aibu na hofu. Masikioni, kitenzi hicho pia kinagusa "pall", kitambaa cha kufunikia jeneza, neno la asili nyingine kabisa kutoka Kilatini "pallium". Anayelisoma shairi hilo akiwa na maana ya kutisha pekee anaona watoto wanaolia na jengo lililoshtuka. Mgongano wa rangi mbili juu ya ukuta mmoja, ambao ndio shtaka lenyewe la Blake dhidi ya kanisa, unampita.