SAFU YA LUGHA: Programu dhibiti si mfumo endeshi

Istilahi "programu dhibiti", iliyoundwa kwa kitenzi "dhibiti" chenye asili ya Kiarabu, mara nyingi huchanganywa na "mfumo endeshi" au "kiendeshi". Dhana yake ilipewa jina la Kiingereza, "firmware", mwaka 1967 na Ascher Opler, aliyekusudia maagizo yaliyo kati ya maunzi, yaani sehemu za kompyuta zinazoshikika, na programu za kawaida. Baadaye maana ilipanuka ikajumuisha BIOS na mrithi wake UEFI, ambazo hukaa katika chipu ya bodi mama na kuyaandaa maunzi kabla ya mfumo endeshi, kama vile Windows, kupakiwa. Kiendeshi huuwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa fulani. Kwa hiyo, anayebadili BIOS ili kufichua mipangilio ya volteji iliyofichwa na mtengenezaji amerekebisha programu dhibiti, wala kosa lake haliondoki kwa kusakinisha Windows upya, kwani chipu iliyoandikwa vibaya huweza kuizuia kompyuta isiwake kabisa. Aidha, "kufungua" mipangilio hiyo si "kupandisha" volteji: la kwanza hutoa uwezo wa kuchagua, la pili ndilo linaloongeza joto na kuweza kuunguza prosesa.