Kijiji Kisichofika Mia Tano

Sisi tuliokulia Mombasa tulilisikia jina la Kutch kabla ya kujua liko wapi. Ni pande za India yalikotoka majahazi ya Mandvi na Mundra, yakishuka kwetu na upepo wa kaskazi. Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi forodha ya Zanzibar katika karne ya 19, asili yake ni Mundra. Na hadi leo, hapa London, tunakutana na wazee wa Kikutch wanaotuamkia kwa Kiswahili kizuri kuliko cha watoto wetu.

Wazee hao wana vijiji walivyoviacha. Kisa cha vijiji vya India na barabara kinatugusa sote tulio mbali na kwetu.

Mwaka 2000 India ilikuwa na vitongoji vya mashambani vipatavyo 825,000. Karibu 330,000 kati yake havikuwa na barabara ya kupitika mwaka mzima. Njia zilikuwapo, lakini mvua za Juni hadi Septemba zikianza, mkokoteni hukwama, basi haliji, na mgonjwa hubebwa kitandani hadi barabara kuu.

Tarehe 25 Desemba 2000, serikali ya Waziri Mkuu A. B. Vajpayee ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Fedha hazikutosha kufika kila mahali kwa pamoja, basi ikapangwa foleni, na kipimo kikawa idadi ya watu. Kwanza vitongoji vya watu 1,000 na zaidi, kisha vya 500 na zaidi. Milimani, jangwani na katika maeneo ya makabila, kiwango kilishushwa hadi 250. Idadi ilitoka katika sensa ya 2001.

Sisi wahandisi hatuwezi kuilaumu hesabu hiyo. Tuta, kokoto, lami na makalavati ya kupitishia maji hugharimu vilevile, wapite watu elfu au tisini. Lazima mstari uchorwe mahali. Kanuni iliruhusu hata vitongoji vilivyo ndani ya nusu kilomita kuhesabiwa pamoja. Lakini mstari ni mstari: katika nchi tambarare, wenye 500 waliingia, wenye 499 walibaki nje.

Tatizo ni kwamba sensa huhesabu wakaazi, haihesabu wenye asili. Aliyehamia Nairobi, Maskati au London hakuingia kwenye daftari, hata kama fedha zake ndizo zilizochimba kisima. Kila jamaa waliofunga mlango na kuondoka walipunguza haki ya kijiji chao kwenye ile foleni.

Na barabara ilipofika ilileta nini? Wachumi Sam Asher na Paul Novosad walilinganisha vijiji vilivyovuka mstari na vilivyoukosa kwa watu wachache. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walionyesha kwamba mavuno, kipato na mali havikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba watu wengi waliacha kazi za shamba wakatafuta vibarua vingine. Barabara ilifungua mlango, na wa kwanza kuupita walikuwa wenye kutoka.

Tulipokwenda kumzika mama yetu, kijijini nyuma ya Malindi, gari lilituacha ng'ambo ya mto. Tulivuka kwa miguu, jeneza begani. Baada ya mazishi tukamuuliza mzee mmoja, kwa ukali kidogo, mbona barabara haijafika mpaka leo. Akatutazama, akasema, "Wanangu, tumebaki wangapi?"

Tulinyamaza. Tulikuwa tumepeleka mabati ya skuli na fedha za kisima, tukidhani tumemaliza wajibu. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Fedha zetu zinafika kijijini kila mwezi, lakini siku ya kuhesabiwa watu, sisi hatupo.