Kivunja-mji

Richard Burton alipoondoka pwani mwaka 1857 kuelekea maziwa ya bara, wapagazi wake walibeba vitambaa, nyaya na shanga. Hiyo ndiyo ilikuwa pesa ya safari. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 anasema kulikuwa na aina zipatazo 400 za shanga, na kila moja ilikuwa na jina na bei yake. Maarufu kuliko zote ilikuwa samesame, nyekundu juu, nyeupe ndani, iliyotoka Venice. Watu wa misafara waliipa majina ya utani. Moja, kwa tahajia yake ngumu kidogo, ni lile ambalo leo tungeliandika kivunja-mji: eti wanawake wakiiona, mji unavunjika.

Ni utani wa wanaume walio njiani, na kama utani una raha yake. Tatizo ni kwamba wanahistoria tumeurithi. Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na katika nusu ya vitabu nilivyopangiwa mwanamke huingia kwenye habari za shanga kwa mlango huo mmoja tu: anatamani. Hatengenezi, hatungi, hapangi rangi. Hata vipimo vya biashara vingetutosha kushtuka. Burton mwenyewe anaeleza kwamba shanga ziliuzwa kwa khete, yaani uzi mmoja uliopimwa kwa mkono kati ya kidole gumba na kiwiko, na khete kumi zilifanya fundo. Fundo! Kuna mtu alikaa chini akalifunga.

Mtu huyo nilikuja kumwona vizuri Pemba, kwenye taarifa za uchimbaji wa Tumbe, kaskazini mwa kisiwa. Tumbe ilikaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10. Wanaakiolojia walikuta huko maelfu ya vigae vya vyungu vyenye mifereji myembamba. Chungu kikivunjika jikoni, kigae hakikutupwa. Gamba la chaza au kombe lilivunjwavunjwa, vipande vikatobolewa, kisha vikasuguliwa kwenye kigae hadi kingo zikawa duara. Kadiri kazi ilivyoendelea ndivyo mfereji ulivyozidi kuzama. Vigae vya namna hii vimepatikana pia katika tabaka za mwanzo za Kilwa. Nyumba za Tumbe ndizo zilizokuwa karakana: shanga zilisuguliwa palepale palipopikwa na kulaliwa. Karne zilizofuata, shanga za kioo kutoka ng'ambo ya bahari zilipojaa, kusugua magamba kulififia.

Na bara hatukuwa tukingoja meli. Magubike, Iringa, kumepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Kabla ya chuma, kabla ya kilimo, kuna mtu alitoboa kitu kidogo kwa subira.

Kwetu Matiri, wilayani Mbinga, kazi hii anaifanya mama yangu mdogo, juu ya ungo, jioni, baada ya shamba la kahawa. Shanga ananunua kwa pakiti mjini Mbinga. Uzi wake ni mshipi wa kuvulia samaki unaotoka Mbamba Bay, kwa sababu haukatiki kwa jasho. Mawe anaokota mtoni, yale laini yenye michirizi, na kwa kuwa hana cha kuyatobolea, anayazungushia waya wa shaba uliotolewa kwenye mota iliyoungua. (Mkoa wetu una yakuti samawi, miaka ya 1990 wanaume walimiminika Songea na Tunduru kuichimba. Mawe yale yamepanda ndege hadi Bangkok. Kokoto zimebaki kwa mama mdogo.)

Mwaka jana alitaka kuufungua ushanga wa Bibi autunge upya kwa mshipi. Uzi wa pamba ulikuwa umeoza na binamu yangu alikuwa anaolewa. Nilikataa. Humo mna shanga nyekundu zenye ndani nyeupe. Aina hiyo iliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20, kwa hiyo hazithibitishi msafara wowote, lakini mpangilio wake ni ushahidi. Uzi ukioza ardhini, mchimbaji hupata punje tu. Nani alifuata nani hawezi kujua tena. Hapa uzi bado upo, nikamwambia, na wewe unataka kuukata?

"Sasa mtoto avae kitabu chako?" mama mdogo akanijibu.

Tukaenda kwa Bibi, ambaye huniita mke mwenza na hapendi kuamkiwa mara mbili. Aliupokea ushanga, akaupitisha vidoleni, maana macho yake hayaoni tena vizuri.

"Hizi nyeusi nne nimeweka mimi, nyekundu zilipopungua," alisema. "Nyekundu nyingine nilimpa dada yangu alipoolewa Lituhi. Na kabla yangu, mama naye aliufungua, akaufunga. Wewe unadhani uzi wa pamba unakaa miaka mingapi?"

Nilipiga picha, kisha nikaandika daftarini punje kwa punje, kutoka fundo hadi fundo, na jina la aliyeweka kila rangi kwa kadiri Bibi alivyokumbuka. Ilichukua mchana mzima na mama mdogo hakuacha kuguna. Nilipomaliza, Bibi alichukua wembe na kuukata uzi mwenyewe. Shanga zikamwagika kwenye ungo. Akaanza kutaja rangi moja moja, mama mdogo akawa anatunga, na waliporudi kwenye zile nyeusi nne, Bibi akasema ziwe tano.